KONOKONO WA MAJI NA KICHOCHO

Hapa Koni, kando ya mto Lufira, tazama majani yaliyo katika maji yaliyotulia. Ukiona konokono mdogo, gamba lake bapa limejikunja kama kamba, mwangalie vema. Kila mmoja ni dume na jike pia. Hutaga mayai yake ndani ya ute, juu ya majani.

Konokono huyu hazaliwi na kichocho, hukipata kwetu. Mgonjwa akienda choo majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu humwingia konokono. Baada ya mwezi hivi vijidudu vingi humtoka mchana, vikampenya mtu ngozini.

Basi, chimba choo mbali na maji. Ng'oa majani mferejini. Maji ya kuoga yakae pipani siku mbili.