SOMO: MWANACHAMA MZEE NA AKIBA YA MWILI WAKE

Ndugu makatibu na wanachama,

Somo la safari hii linahusu afya, lakini litaanzia mahali mlipozoea, yaani katika daftari la wanachama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama cha msingi kimoja katika Wilaya ya Kisarawe. Nilikuta majina ya wanachama ambao kwa misimu miwili mfululizo hawakuleta ghalani hata kilo moja ya korosho, wala hawakuhudhuria mkutano mkuu. Niliandika hoja ya ukaguzi, nikashauri majina hayo yafutwe kwa kuwa wenyewe wameuacha ushirika. Hoja iliposomwa mkutanoni, mzee mmoja aliyeletwa na mjukuu wake aliomba kusema. Alisema, "Ushirika sijauacha, mwanangu. Pampu ya salfa ndiyo siwezi tena kuibeba." Mikorosho yake ilikuwa imeshambuliwa na ubwiriunga, na korosho chache alizopata aliziuza kwa kangomba mlangoni pake.

Niliomba ruhusa ya mkutano niiondoe hoja ile. Lakini mwenzake mmoja katika orodha hiyo hakuwapo kujitetea. Alikuwa ameanguka bafuni, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Chama kilijua kwamba haleti mazao; hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba daftari letu, likisomwa vema, huonyesha mwanachama anayedhoofika, mara nyingine kabla zahanati haijamwona. Hilo ndilo jambo ninalotaka tujifunze leo.

1. Mzee ni nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini watu wa umri huo zaidi ya milioni 2.5.

Katika vyama vyetu wazee ndio waasisi. Mwanachama aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1973 sasa amepita miaka 70. Mwaka ule watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo na kupiga vita malaria katika vijiji vyao. Watu wa rika hilo ndio walioona vyama vikuu vya ushirika vikivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Haifai mtu aliyevuka yote hayo afutwe kwa kalamu ya mkaguzi bila kuulizwa hali yake.

Hata hivyo, umri peke yake hausemi kila kitu. Yupo mzee wa miaka 80 anayepalilia mihogo yake mwenyewe, na yupo wa miaka 65 asiyeweza kufika kisimani. Tofauti yao ndiyo inayotupeleka katika sehemu ya pili.

2. Udhaifu wa uzee ni nini?

Kila katibu anajua kazi ya mfuko wa akiba. Chama chenye akiba kikipata hasara ya msimu mmoja, huyumba kikasimama. Chama kisicho na akiba huangushwa na hasara ndogo tu. Mwili nao una akiba yake katika moyo, mapafu, figo na misuli. Kijana akiugua malaria hulala siku chache akainuka. Mzee ambaye akiba yake imepungua hulazwa na ugonjwa uleule kwa majuma mengi. Misuli yake hupungua zaidi akiwa kitandani, na akiinuka hawezi tena kwenda alikokuwa akienda. Upungufu huo wa akiba ndio tunaouita udhaifu wa uzee.

Mwaka 2001 daktari Linda Fried na wenzake nchini Marekani walieleza dalili tano za udhaifu huo. Nazieleza hapa kwa jinsi zinavyoweza kuonekana kijijini:

(a) Kupungua uzito bila kukusudia, kiasi cha kilo nne na nusu au zaidi kwa mwaka. Nguo humpwaya, na mkanda hutobolewa tundu jipya.
(b) Uchovu wa siku nyingi. Kila kazi anaiona nzito, hata ile aliyokuwa akiifanya huku akiimba.
(c) Mkono kukosa nguvu ya kushika. Hashindani tena na jembe, na nguo akifua hawezi kuzikamua.
(d) Mwendo kuwa wa polepole. Njia aliyokwenda kwa nusu saa sasa anaikwenda kwa saa nzima.
(e) Kupunguza shughuli. Haendi shambani, haendi mkutanoni, hashiriki ngoma wala msiba.

Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa amekwisha kudhoofika. Mwenye moja au mbili yuko njiani, na huyo ndiye wa kuwahiwa. Lakini katibu asijifanye mganga. Kupungua uzito kwaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari au saratani, na uchovu waweza kutokana na upungufu wa damu. Kazi yetu ni kuona na kumhimiza mwenzetu aende zahanati; kupima ni kazi ya mganga.

Jambo la kutia moyo ni kwamba udhaifu huu huweza kucheleweshwa. Mwaka 2014 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutembea, ya kuimarisha miguu na ya kujizuia kuanguka. Kundi la pili lilipewa mafunzo ya afya tu. Hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 18 katika kundi la mazoezi. Basi tusimkalishe mzee barazani kutwa nzima kwa kudhani tunamheshimu. Tumwachie kazi anayoiweza.

Chakula nacho kina sehemu yake. Misuli hujengwa kwa protini. Gramu 100 za muhogo mbichi hazifikishi gramu 2 za protini, ilhali gramu 100 za korosho zina karibu gramu 18. Mkulima anayeuza korosho zote na kubaki na ugali wa muhogo mchana na usiku ameuza pia nguvu za mwili wake. Kunde, mbaazi, dagaa na mayai vyafaa sana. Asiye na meno atwangiwe korosho au kunde, ziungwe katika uji au mchuzi.

3. Mambo ya kijamii yanayoharakisha udhaifu

Mwili haudhoofiki peke yake; mazingira huusukuma. Katika ukaguzi wangu wa Kibaha na Kisarawe nimeona mambo manne yakijirudia.

La kwanza ni upweke. Dar es Salaam iko karibu, na vijana wengi wamekwenda huko kutafuta riziki. Mzee aliyefiwa na mwenzake hupika mara moja kwa siku, au hapiki kabisa, kwa kuwa hana wa kula naye.

La pili ni mzigo wa wajukuu. Wapo bibi wanaolea watoto watatu au wanne walioachwa na wazazi wao. Chakula kikiwa kidogo, bibi huwapa watoto kwanza, naye hulala na maji.

La tatu ni fedha. Mkulima wa korosho hupata fedha katika msimu mmoja wa mwaka, na ugonjwa haungojei msimu. Tena malipo ya stakabadhi ghalani hupitia benki, na mzee wa kijiji cha mbali, kama vile Mzenga au Magindu, humtegemea mtu mwingine wa kumfuatia fedha zake. Mtu huyo si kila mara mwaminifu.

La nne ni macho na masikio. Mwanachama asiyesikia mkutanoni huona haya kuuliza, na mwakani haji. Sisi husema amepoteza hamu, kumbe amepoteza usikivu. Vivyo hivyo, wengine wameacha shamba kwa sababu ya mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hutibiwa kwa upasuaji.

4. Yaliyojaribiwa Kibaha

Tunao mfano wa nyumbani. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kulipa fedha kaya maskini katika vijiji 40 vya wilaya za Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Vijiji hivyo vilichaguliwa kwa bahati nasibu kati ya vijiji 80, ili matokeo yaweze kulinganishwa. Fedha zilitolewa kwa ajili ya watoto na wazee wa miaka 60 na zaidi, na kamati za wanavijiji wenyewe zilisimamia kazi hiyo. Sharti la mzee lilikuwa moja: afike kwenye kituo cha afya angalau mara moja kwa mwaka.

Matokeo yana mafunzo. Mwanzoni watu wa kaya hizo walikwenda zahanati kwa wingi zaidi. Baadaye safari zikapungua, kwa kuwa afya yao ilikuwa imeboreka. Walijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Walinunua pia mifugo midogo, yaani kuku na mbuzi, ambayo ni akiba inayotembea. Fedha kidogo zinazokuja kwa wakati unaojulikana, pamoja na mtu wa kumkumbusha mzee tarehe ya kliniki, zilifaa.

Zanzibar ilitumia njia nyingine. Tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni kila mwezi, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Kiwango kilianza na shilingi 20,000, na baadaye kikaongezwa hadi shilingi 50,000.

5. Kazi ya chama

Chama cha msingi si hospitali wala serikali. Lakini mwaka 1995, katika mkutano wa ushirika wa dunia uliofanyika Manchester, kanuni ya saba iliongezwa katika kanuni za ushirika, nayo ni kujali jamii. Tuanze na jamii iliyomo katika daftari letu. Napendekeza haya:

(1) Kabla ya kumwita mwanachama asiye hai, mjumbe mmoja wa bodi amtembelee nyumbani na taarifa fupi iandikwe.
(2) Orodha ya wanachama wa miaka 60 na zaidi iandaliwe. Aliyepunguza mazao kwa kiasi kikubwa kuliko jirani zake awekewe alama ya kutembelewa.
(3) Vijana wa chama wapange zamu ya kupulizia mikorosho ya wazee, kwa ujira utakaokatwa katika mauzo kwa ridhaa ya mzee mwenyewe.
(4) Anayefuatia fedha za mzee awe na idhini ya maandishi, na mzee asomewe hesabu yake mbele ya shahidi.
(5) Sera inaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na halmashauri huwatambua kwa vitambulisho. Katibu awasaidie wasio navyo kuvifuatilia katika ofisi ya kijiji na kata.
(6) Mkutano mkuu ufanyike mahali penye viti na kivuli, wazee wakae mbele, na msemaji apaze sauti.
(7) Habari za ugonjwa wa mwanachama ni siri yake. Zisisomwe mkutanoni wala zisibandikwe ukutani.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo.

6. Maswali ya kujadili katika kikundi

(i) Je, ni wanachama wangapi wa chama chenu hawakuleta mazao msimu uliopita? Kati yao, wangapi wamepita miaka 60?
(ii) Nani aliwatembelea mara ya mwisho, na alikuta nini?
(iii) Ni dalili zipi kati ya zile tano mmeziona kwa mzee wa jirani?
(iv) Ni kazi gani ya shamba ambayo vijana wa chama wanaweza kuifanya kwa zamu kuanzia msimu huu?
(v) Njia gani itazuia fedha za mzee zisiishie mikononi mwa wengine?

Majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Nitakapokuja kukagua, nitaomba kuyaona kabla ya kufungua kitabu cha fedha.