Mtumishi Chini ya Mretemu

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1–18
Soma pia: Kutoka 18:13–26, Marko 6:30–46

Somo la wiki hii linawahusu watumishi: wazee wa kanisa, mashemasi, viongozi wa sifa, walimu wa watoto, akina mama wa jikoni. Lakini hata kama huna cheo, soma mpaka mwisho, maana sehemu ya dawa iko mkononi mwako.

Angalia wiki ya mtumishi wa kawaida hapa Shieywe. Mchana yuko kazini, sokoni au shambani. Jumatano jioni, ushirika wa nyumbani. Ijumaa, kesha. Jumamosi, mazishi, saa zingine mawili: asubuhi Lurambi, mchana Malava. Jumapili ndiye anayefungua mlango wa kanisa. Na simu hailali. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi tunampa mchungaji na wazee wake.

1. Uchovu wa Eliya

Eliya alikuwa ametoka kushinda pale Karmeli, mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto ulishuka, mvua ikanyesha, naye akapiga mbio hadi Yezreeli. Kisha ujumbe mmoja wa Yezebeli ukamvunja. Akamwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya mtu kuchakaa kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, lakini lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kuona kazi yake haizai matunda. Sasa msikilize Eliya. Nguvu zimemwishia. Anasema amebaki peke yake. Anajiona si bora kuliko baba zake. Dalili zote tatu, kwa nabii aliyejaa upako.

Sisi tukiona hivi, tunasema haraka ati ndugu amerudi nyuma. Saa zingine ni kweli. Lakini Mungu hakuanza kwa kumkemea Eliya. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa mara ya pili. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40. Usingizi na chakula vilitangulia mahubiri.

2. Pumziko ni agizo

Mungu hakusema tupumzike tukimaliza kazi, kwa sababu kazi haiishi. Aliweka siku ya saba, na katika Walawi 25 hata shamba likapewa mwaka wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Anayejitolea madhabahuni hana sheria ya kumlinda. Yeye analindwa na Neno la Mungu na upendo wetu.

Wenye bodaboda wanaelewa jambo hili. Hakuna anayesema abiria ni wengi, kwa hiyo simwagi oili. Anajua injini ikikwama, abiria wote wamepotea.

Utasema, “Lakini roho zinapotea!” Soma Marko 6. Watu walikuwa wengi mpaka wanafunzi wakakosa nafasi ya kula, na Yesu akawaita kando wapumzike. Umati ukawafuata, naye akauhurumia. Lakini baadaye aliuaga, akapanda mlimani kuomba. Pumziko likikatizwa, lipange tena. Usilifute.

3. Pumziko linahitaji watu

Yethro alimwambia Musa wazi kwamba atachoka yeye na watu pia. Dawa ilikuwa kugawa kazi kwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Eliya naye alipewa Elisha. Kama funguo, daftari na kipaza sauti vyote viko kwako, utapumzika lini?

Basi tufanye hivi:

- Kila kiongozi amfundishe mtu mmoja kazi yake, kisha amwachie kweli.
- Mazishi yagawanywe kwa zamu. Si lazima viongozi wote waende yote.
- Baada ya saa tatu usiku, piga simu kwa jambo la dharura tu.
- Chagua siku yako moja, na familia iijue.

Watu hutoka mbali kuja kutulia katika Msitu wa Kakamega, ambako kuna Rondo, kituo cha Kikristo cha mapumziko. Sisi tunaishi karibu na msitu huo na hatuuingii. Hata kama huna hela ya kulala huko, saa mbili chini ya mti, simu imezimwa na Biblia iko wazi, zinatosha kuanza. Isaya 40:31 inaahidi nguvu mpya kwa wanaomngoja Bwana, na kungoja kunahitaji mtu atulie.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni dalili gani ya Eliya unaiona kwako au kwa kiongozi wako?
2. Ni kazi gani unayoifanya ambayo mwingine angeweza kuifanya?
3. Wiki hii utampunguzia mtumishi gani mzigo, na kwa njia gani?

Tuombe: Bwana, utufundishe kufanya kazi kama watumishi wako na kulala kama watoto wako. Wainue waliolala chini ya mretemu. Katika jina la Yesu, amina.