Mwangwi Unaopima Ubongo

Mtu akiumia kichwa, ngozi yaweza kubaki nzima huku damu ikivuja na kujikusanya chini ya fuvu. Kwa kuwa fuvu la mtu mzima halitanuki, damu hiyo huubana ubongo na kuusukuma upande wa pili. Asipotibiwa mapema, mgonjwa aweza kufa. Basi daktari atayajuaje yaliyo ndani bila kulifungua fuvu?

Njia mojawapo ni mwangwi. Mwaka 1953, mjini Lund, Uswidi, bingwa wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell alichukua chombo cha aina iliyotumiwa viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma, akampima mtoto mdogo aliyeumia kichwa. Mwangwi ulionyesha kwamba sehemu ya kati ya ubongo imesogea.

Sikio la binadamu husikia sauti zenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Chombo hicho hutoa mitetemo milioni moja au zaidi, kwa hiyo hakisikiki. Kila mawimbi yake yanapokutana na mpaka baina ya tishu mbili tofauti, sehemu yake hurudi. Mpaka wa namna hiyo upo katikati ya ubongo, baina ya nusu ya kulia na ya kushoto.

Ndani ya ubongo sauti husafiri mita 1,540 hivi kwa sekunde. Tuseme mwangwi wa mpaka huo, ukipimwa kutoka kulia, hurudi baada ya mikrosekunde 104. Katika muda huo sauti imesafiri sentimita 16, kwenda na kurudi. Basi mpaka uko umbali wa sentimita 8. Kutoka kushoto, mwangwi hurudi baada ya mikrosekunde 78, yaani umbali wa sentimita 6. Mpaka ulipaswa kuwa sentimita 7 kutoka kila upande. Umesukumwa sentimita 1 kuelekea kushoto.

Hata hivyo, mwangwi hausemi kama kilichousukuma ni damu au uvimbe. Tena, damu ikivuja pande zote mbili kwa kiasi sawa, mpaka hautasogea. Ndiyo sababu kipimo hiki kiliachwa polepole baada ya mashine ya kupiga picha za ubongo kwa eksirei na kompyuta kuanza kutumiwa London mwaka 1971. Lakini kwa watoto wachanga ultrasaundi ingali na kazi kubwa: utosi wao haujafunga, na mawimbi hupita hapo bila kuzuiwa na mfupa.

Zoezi: Mgonjwa aliyeanguka amepimwa, na mwangwi umerudi baada ya mikrosekunde 91 kutoka kila upande. Je, yafaa aruhusiwe kwenda nyumbani kwa kipimo hicho peke yake? Eleza.