Waziri na Kanuni za Shule



Vijana watokao Muyinga, ambao husikia habari za Tanzania kila siku kwa kuwa mpaka u karibu nao, wameniuliza hapa Gitega: Je, waziri aweza kubadili kanuni za shule apendavyo? Nawajibu katika gazeti letu ili wote wapate faida.

Kwanza yafaa tujue ngazi za sheria. Juu kabisa ni Katiba. Chini yake ni sheria zilizopitishwa na Bunge, kisha amri za Rais, kisha maagizo ya waziri. Barua yake i chini ya hizo zote. Mamlaka ya waziri ni ya kukopeshwa na sheria, na mkopo una mpaka wake. Kwa hiyo apingaye kanuni huuliza maneno matatu. Je, sheria ilimpa waziri ruhusa hiyo? Je, alifuata njia iliyowekwa? Je, kanuni haivunji Katiba wala mikataba iliyoridhiwa na nchi?

Tazameni mifano miwili. Mwezi wa Juni 2018 Waziri wa Elimu wa Burundi, Janvière Ndirahisha, aliwaandikia wakuu wa elimu wa mikoa kwamba wasichana wenye mimba, na wavulana waliowapa mimba, wasisome tena katika shule za kawaida. Watu wengi walilalamika, na mwezi wa Julai amri ile ikafutwa.

Huko Tanzania mambo yalichukua miaka. Kanuni za 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyeoa au kuolewa, au aliyetenda kosa dhidi ya maadili. Neno mimba halikutajwa hapo. Lakini mimba ilihesabiwa kuwa kosa la maadili, na wasichana wengi wakapoteza masomo. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na wenzao wa New York, walipeleka shauri mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Novemba 2021 Serikali ikatoa waraka kuwaruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Hata hivyo Kamati iliendelea, na mwaka 2022 ikaamua kwamba haki za wasichana zilivunjwa, tena kanuni zenyewe zirekebishwe.

Kwa nini kanuni, na waraka ulikwisha toka? Kwa sababu kilichoondolewa kwa barua chaweza kurudishwa kwa barua. Msichana hawezi kupanga masomo ya miaka sita juu ya hisani ya mtu mmoja.

Burundi nayo imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na mahakama ya utawala imo humu Gitega. Basi mkisikia amri mpya, msiishie kunung'unika. Ombeni kuiona kwa maandishi, kisha ulizeni maneno yale matatu.