Somo la Kilimo Biashara: Ardhi, Mtaji na Muda wa Mwanafunzi

Mwanafunzi anayehitimu chuo cha kilimo huwa amekwisha kufundishwa kuandaa kitalu, kupima nafasi kati ya mche na mche, na kutambua magonjwa ya mimea. Hata hivyo, si wachache wanaorudi nyumbani wakashindwa kuanzisha hata bustani ndogo ya biashara. Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye uvivu. Ukweli ni kwamba vipo vikwazo vitatu vinavyofuatana, na kila kimoja huzidisha kingine.

Kikwazo cha kwanza ni ardhi. Kijana huonyeshwa kipande cha shamba na mzazi au mjomba kwa maneno matupu. Bustani ikishastawi, mwenye shamba hulitaka, na samadi, mfereji na uzio vilivyogharimiwa na kijana hubaki mikononi mwa mwingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeweka utaratibu wa hati ya hakimiliki ya kimila. Pale ambapo familia haiko tayari kugawa ardhi, yafaa yawepo makubaliano ya maandishi yanayotaja mipaka, muda na kodi, nayo yashuhudiwe katika ofisi ya kijiji.

Kikwazo cha pili ni mtaji. Benki hudai dhamana ambayo mwanafunzi hana. Kisheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hukopeshwa kupitia vikundi vilivyosajiliwa. Hapa ndipo wanafunzi hukwama, kwa kuwa kikundi kilichoundwa chuoni huvunjika wanachama wanaporudi makwao. Ni salama zaidi kijana kujiunga na wenzake wanaoishi katani, kisha kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelekezo ya usajili.

Kikwazo cha tatu ni muda. Nyanya huhitaji takriban miezi mitatu tangu kitaluni na uangalizi wa kila siku. Zikiiva wakati wa mtihani, huozea shambani. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, na kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano hadi sita. Kwa hiyo anayeendelea na masomo achague zao linaloenea ndani ya likizo yake.

Lipo pia somo la hesabu. Tuseme bustani imegharimu shilingi 120,000 na mauzo yamefikia shilingi 150,000. Faida ni shilingi 30,000 tu. Shilingi 120,000 ni mtaji wa msimu ujao. Anayezitumia zote hurudi alikoanzia, na kama alikopa, hubaki na deni linalowabana wenzake kikundini.

Mzazi asiye na fedha za kumpa mwanawe bado aweza kumsaidia. Robo eka iliyoandikwa na kushuhudiwa kabla ya mvua kuanza humwezesha kijana kutia samadi bila hofu ya kunyang'anywa, na kupanga misimu zaidi ya mmoja.