Kompyuta Ifuate Ratiba Yako: Mwongozo kwa Watumiaji wa Buhigwe, Kasulu na Kibondo

Kompyuta ya Windows ina kazi inazozifanya yenyewe bila kuambiwa: kutafuta masasisho, kusaka virusi, kunakili faili. Kila kazi ina saa yake, na aliyezipanga saa hizo hakuwa na Buhigwe akilini. Matengenezo ya mfumo, kwa mfano, huwekewa saa nane usiku, wakati kompyuta nyingi za Muyama, Manyovu na Munanila zimezimwa na kufungiwa kabatini. Kazi iliyokosa saa yake ama haifanyiki siku hiyo, ama huibuka asubuhi na kumaliza bando ulilonunua kwa ajili ya kutuma ripoti.

Kijitabu hiki ni cha karani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, mwalimu wa taaluma, mwenye duka la steshenari na kila anayetunza kumbukumbu za watu. Tunakuomba usizifute kazi hizo. Zile ulizojiwekea mwenyewe, zibadilishe ziendane na umeme, bando na saa zako za kazi.

Kufungua ratiba

Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika taskschd.msc, kisha bonyeza Enter. Kushoto utaona folda. Ile iitwayo Microsoft ina kazi za mfumo wenyewe. Iache kama ilivyo. Kazi ulizojiwekea kwa kawaida zimo kwenye folda kuu iliyo juu yake. Kabla ya kubadilisha kazi yoyote, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Export na uhifadhi faili litakalotoka. Ukiharibu, utairejesha kwa faili hilo.

Kisha ibofye kazi mara mbili. Zitafunguka kurasa kadhaa: wa pili una saa, wa tatu unaonyesha kinachofanyika, wa nne una masharti, wa tano mipangilio.

Umeme ukikatika

Umeme wa gridi ya taifa uliingia Kibondo na Kasulu mwaka 2022, na jenereta za dizeli zikazimwa. Hata hivyo, kukatika kwa umeme bado kupo, na hapa ndipo nakala nyingi za akiba hupotelea. Kazi mpya ya ratiba huja na masharti mawili yaliyokwisha kuwekewa alama kwenye ukurasa wa nne: isianze kompyuta ikiwa inatumia betri, na isimame mara umeme unapokatika. Kwa hiyo kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha huacha kunakili daftari la malipo ya wakulima katikati, bila kukupigia kelele yoyote.

Ondoa kwanza alama ya sharti la pili, lile lililoingia ndani kidogo, ndipo uondoe la kwanza. Ukianza na la kwanza, la pili hufifia na huwezi tena kuligusa. Halafu nenda ukurasa wa tano, uweke alama kwenye kisanduku cha pili. Hicho huiagiza kompyuta kufanya kazi iliyokosa saa yake mara itakapowashwa. Tungekuwa na nafasi ya kukufundisha badiliko moja tu, tungechagua hilo.

Saa ya Manyovu

Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ukitaka nakala ichukuliwe saa nne asubuhi, andika 10:00. Ukiandika 4:00, kazi itaanza saa kumi alfajiri. Kwa ofisi nyingi tunashauri saa saba mchana, yaani 13:00, kompyuta ikiwa imewashwa na mwenyewe amekwenda kula.

Walio karibu na mpaka wana jambo la ziada. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo saa yake hurudi nyuma, na kompyuta iliyoachiwa ijitafutie majira yenyewe inaweza kukosea vivyo hivyo. Nenda kwenye mipangilio ya saa, zima uchaguzi wa majira wa moja kwa moja, kisha chagua Nairobi, ambayo ni majira yetu.

Flashi na wageni

Nakala inayokwenda kwenye flashi hushindwa flashi ikibadilishiwa herufi, mathalani kutoka E kuwa F. Hilo hurekebishwa kwenye ukurasa wa tatu.

Flashi hizohizo, zikizunguka kutoka steshenari hadi steshenari, huleta virusi, na baadhi ya virusi hujiandikia kazi ya ratiba ili virudi kila unapovifuta. Ukiona kazi yenye jina lisiloeleweka, inayofungua faili lililo ndani ya folda ya Temp, chagua Disable kuizuia, kisha sasisha kinga ya virusi na uisake kompyuta yote.

Baada ya kila badiliko, iendeshe kazi papo hapo kwa kuchagua Run, kisha usome safu ya matokeo. 0x0 maana yake imemalizika bila hitilafu. 0x2, faili halikupatikana. 0x41303, kazi haijawahi kuanza. Usiishie kwenye namba hizo. Fungua flashi, tazama tarehe ya faili la mwisho, na ulifungue lenyewe uone kama majina na kilo za wakulima wako zimo. Fanya hivyo kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi.