Viambishi vya Mahali: Pa-, Ku- na M(u)-

Mwanafunzi aliyelelewa katika Kinyarwanda, Kirundi au Kiganda hahitaji kuambiwa kwamba mahali pana upatanisho wake. Lugha yake hutanguliza "mu" au "ku" kabla ya nomino. Kinachomtatiza ni kwamba Kiswahili huambika -ni mwishoni mwa nomino, kisha hunyamaza. Neno "nyumbani" peke yake halielezi kama tumo ndani au tuko katika eneo lake. Habari hiyo hubebwa na kitenzi na vivumishi.

Tusome kifungu kifuatacho kuhusu Bath, mji wa Uingereza uliojulikana tangu enzi ya Warumi kwa chemchemi zake za maji moto.

"Tulipiga hema nje ya mji, karibu na mto Avon. Mtoni kulikuwa na ukungu, lakini hemani mwetu mlikuwa na joto. Asubuhi tulikwenda mjini kwa miguu, tukalizuru hodhi kubwa lililojengwa na Warumi. Hodhini mna maji ya kijani yafukayo mvuke, nayo hutoka katika chemchemi yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi. Hata hivyo, siku hizi hamwogelewi. Kisha tulifika kwenye daraja la Pulteney, lililokamilika mwaka 1774. Darajani pamejengwa maduka pande zote mbili, hata mpita njia husahau kwamba chini yake kunapita mto."

"Mtoni kulikuwa na ukungu" huhusu eneo zima. Tungesema "mtoni mna samaki", tungekuwa tumeingia majini. Na "mtoni pale palipigwa hema" ingeonyesha mahali mahususi ukingoni. Nomino ni ile ile. Kilichobadilika ni jicho la msemaji. Kwa hiyo mwalimu anayekata "mjini pana watu wengi" kwa kuwa kitabu kimeandika "kuna" anamnyima mwanafunzi alama anayoistahili. Na aulize kwanza mwanafunzi alikusudia nini. Kosa halisi ni "hodhini lina maji": nomino ikishapokea -ni, upatanisho wa ngeli yake ya awali huachwa.

Umiliki hufuata kanuni hiyo hiyo: hemani mwetu, mjini kwao, mezani pake.

Kiambishi m- kina utata wake. "Mlikuwa na joto" yaweza kumaanisha kwamba ninyi ndio mliokuwa na joto. "Hemani" ndilo linaloondoa shaka, na likidondoshwa, msomaji atategemea muktadha tu.

Majina ya miji hayapokei -ni. Hatusemi "Bathni", wala "Kigalini". Husema "Bath kuna chemchemi" na "Kigali kuna vilima", na upatanisho wa mahali hubaki kamili.

Zoezi

1. Tunga sentensi tatu zenye neno "nyumbani", moja kwa kila kiambishi, kisha eleza tofauti ya maana.

2. Royal Crescent ni safu ya nyumba 30 yenye umbo la hilali, iliyojengwa Bath kati ya 1767 na 1774. Andika aya moja ukiieleza kwa mtu aliye nje barabarani, kisha nyingine kwa mtu aliye ndani ya nyumba mojawapo. Pigia mstari kila kiambishi cha mahali.

3. Sahihisha inapobidi: "Hemani limejaa maji." "Darajani pana maduka." "Mtoni unaogelewa."